UZI: Marekani wanagombania mafao ya wazee na ya maskini, ila kisu kinaangukia upande mmoja tu

Mlinzi wa Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu wote.

Nyuzi za siasa za Marekani humu jamvini zinaishia kwenye majina tu. Huyu Trump, yule Biden, watu wanatukanana kurasa kumi halafu kesho asubuhi hakuna aliyetoka na kitu. Leo naleta ugomvi ambao ndio unaobeba sehemu kubwa ya bajeti yao na unaowagusa hata ndugu zetu walioko kule. Ni ugomvi wa mafao: Social Security, Medicare na Medicaid. Nani anathubutu kuyagusa, na akiyagusa nani anamlipua.

Nipo Minnesota, nahudumia wazee kwenye makao ya wazee. Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Vyama vyote viwili vinajua hesabu haijakaa sawa. Vyote vimewahi kupendekeza kupunguza. Na vyote, pendekezo likitoka kwa mwenzake, hulifanya silaha ya uchaguzi. Kwa sababu hiyo mafao ya wazee hayaguswi hata yakihitaji kuguswa, na ya maskini ndiyo yanayokatwa kila mara chama kinapotaka kuonyesha kuwa kinabana matumizi. Asiyekubali asubiri nimalize ndipo arushe mawe.

Kwa ufupi kwa wasiovijua hivi vitu. Social Security ni sheria ya Roosevelt ya tarehe 14 Agosti 1935. Mfanyakazi anakatwa asilimia 6.2 ya mshahara, mwajiri anaongeza 6.2, na uzeeni unalipwa kila mwezi mpaka ufe. Medicare ni bima ya afya ya waliotimiza miaka 65. Medicaid ni bima ya wenye kipato kidogo na walemavu, inayolipwa na serikali kuu pamoja na jimbo. Hizo mbili Lyndon Johnson alizisaini siku moja, 30 Julai 1965. Alikwenda kuzisaini Missouri, mbele ya mzee Truman, na kadi ya kwanza ya Medicare akamkabidhi yeye.

Nakuja na sehemu ya pili. Msijaze uzi kwa emoji.

Kasuku wa Tanga

Naweka kambi. Shusha nondo mkuu.

Chuma Chakavu

Na kikokotoo chetu cha mafao ya wastaafu kitaingia humu?

Mlinzi wa Zamu

Chuma, kikokotoo kifungulie uzi wake nitakuja kuchangia. Tukikiingiza hapa Marekani itasahaulika kabla ya ukurasa wa pili.

Sehemu ya pili: mara pekee walipokubaliana sawasawa.

Mwanzoni mwa miaka ya 80 mfuko wa Social Security ulikuwa umebakiza miezi michache ushindwe kulipa. Desemba 1981 Reagan akaunda tume, mwenyekiti Alan Greenspan, wajumbe wa pande zote mbili. Reagan ni Republican, na spika wa Baraza la Wawakilishi, Tip O'Neill, ni Democrat wa Boston ambaye hakumpenda Reagan hata kidogo kisiasa. Hata hivyo Aprili 1983 sheria ikasainiwa. Waliongeza makato, mafao ya wenye kipato kikubwa yakaanza kutozwa kodi, watumishi wapya wa serikali kuu wakaingizwa kwenye mfuko, na umri wa kustaafu kwa mafao kamili ukapandishwa kutoka 65 hadi 67.

Sasa angalieni ujanja wao kwenye huo umri. Haukupanda siku ileile. 67 inamhusu aliyezaliwa 1960 na kuendelea, maana yake wa kwanza wao anafikisha umri huo 2027. Walipitisha maumivu ambayo yangemkuta mtu zaidi ya miaka 40 baadaye, mtu ambaye wakati ule alikuwa na miaka 23 na akili yake iko kwenye muziki. Pande zote zilitia saini, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumnyooshea mwenzake kidole kwenye tangazo la televisheni. Hiyo ndiyo siri yote ya 1983. Si kwamba walikuwa watu wema kuliko wa leo. Walishikana mikono kwa nguvu kiasi kwamba hakuna aliyekuwa na mkono wa kurushia jiwe, na mfuko ulikuwa unakaribia kukauka mbele ya macho yao.

Miaka sita tu baadaye wakapata somo la kinyume. 1988 Kongresi ilipitisha nyongeza ya Medicare kwa ajili ya magonjwa makubwa, kwa kura nyingi za vyama vyote. Ila gharama wakawabebesha wazee wenyewe, wenye uwezo wakatakiwa kulipa kodi ya ziada hadi dola 800 kwa mwaka. Agosti 1989 Dan Rostenkowski, mwenyekiti wa kamati ya kodi, mtu mzito haswa, alikwenda kwenye mkutano na wazee wa jimbo lake Chicago. Wakamzomea, wakalizingira gari lake, bibi mmoja akalala juu ya boneti. Mheshimiwa ikabidi ashuke na kutimua mbio huku kamera zinamfuata. Kabla mwaka haujaisha sheria ilikuwa imefutwa.

Kila mbunge wa Marekani anaijua ile picha.

Kasuku wa Tanga

Bibi kwenye boneti 😂😂 Wazee wa Chicago si wa mchezo.

Nyundo Ndogo

Mkuu Mlinzi, unaandika vizuri ila naona tayari umeegemea kushoto. Ngoja niweke upande wa pili kabla hujatumaliza.

Social Security ni DECI ya serikali, ule upatu wa Tanzania wa kupanda mbegu. Mtu wa kwanza kulipwa kila mwezi alikuwa Ida May Fuller wa Vermont, Januari 1940, hundi ya dola 22.54. Alichangia miaka mitatu, jumla dola 24.75. Akaishi mpaka miaka 100 na kukusanya dola 22,888.92. Nani alilipa hiyo tofauti? Waliokuja nyuma yake, kama kwenye upatu wowote. 1960 kulikuwa na wachangiaji watano kwa kila mpokeaji mmoja, leo hawafiki watatu. Wamarekani wanazaa kidogo na wanaishi muda mrefu. Elon Musk aliposema 2025 kwamba ni upatu mkubwa kuliko wote, vyombo vya habari vilimrukia, ila hesabu hawakuigusa.

George Bush mdogo alileta suluhisho 2005. Kijana aruhusiwe kuweka sehemu ya makato yake kwenye akaunti yake mwenyewe, iwe mali yake, akifa irithiwe na wanawe. Democrat wakaiua bila kuleta mbadala wowote. Nani mbaya hapo?

Mlinzi wa Zamu

Nyundo, takwimu zako ni sahihi na nakushukuru kwa kumleta bibi Fuller, ningemsahau.

Ila DECI ilijificha. Waliopanda mbegu hawakuonyeshwa vitabu mpaka serikali ilipoingilia 2009. Social Security inatoa ripoti ya wadhamini kila mwaka hadharani, na inakusanya kwa sheria, haiombi wateja wapya. Tatizo lake ni pengo kati ya makato na malipo, na pengo linazibwa kwa kuongeza makato, kupunguza malipo, au vyote viwili. 1983 walifanya vyote viwili.

Kuhusu Bush, tuseme yote. Akaunti binafsi zilikuwa zichukue hadi asilimia nne ya mshahara wa kijana. Hizo ndizo fedha zilezile zinazomlipa babu yake mwezi huu. Ukizihamisha, babu analipwa na nini? Kwa kukopa matrilioni. Hapo ndipo hata Warepublican wenzake walipoanza kuangalia saa. Rais alizunguka nchi nzima kuiuza, akaahidi kwamba mwenye miaka 55 na kuendelea hataguswa, na kadiri alivyozunguka ndivyo watu walivyozidi kuikataa. Haikufika hata kupigiwa kura ndani ya Baraza wala Seneti. Na Republican ndio waliokuwa na wingi kote kuwili! Kwa hiyo "Democrat wakaiua" ni nusu ya habari, wenzake ndio walioiacha ife.

Ila nakubaliana na wewe kwenye hili: Democrat hawakuleta mbadala, na lilikuwa kusudi. Walihesabu kwamba ukileta pendekezo lako unampa adui kitu cha kupiga. 2006 wakashinda Baraza na Seneti.

Nyundo Ndogo

Sawa, basi kubali kwamba wanaotaka kurekebisha huadhibiwa na waliokaa kimya huzawadiwa.

Mlinzi wa Zamu

Nakubali kwa mikono miwili, ndio maana nimeufungua huu uzi. Endelea kusoma uone jinsi kila upande ulivyoadhibiwa kwa zamu yake.

Sehemu ya tatu.

2010 Obama anapitisha sheria ya bima ya afya. Kuilipia, anapunguza ukuaji wa malipo ya Medicare kwa hospitali na makampuni ya bima kwa takribani dola bilioni 500 ndani ya miaka kumi. Republican, chama cha Reagan, ambaye mwaka 1961, kabla hata hajajiunga nacho, aliwarekodia madaktari santuri nzima ya kuipinga bima ya serikali kwa wazee, ghafla kikawa mlinzi wa Medicare. Matangazo kila mahali: Obama amewaibia wazee. Novemba wakachukua viti 63 vya Baraza.

Aprili 2011, miezi mitano tu baadaye, Baraza hilohilo linapitisha bajeti ya Paul Ryan, mwenyekiti wa kamati ya bajeti, Republican. Atakayetimiza 65 kuanzia 2022 asiingie Medicare ya zamani, apewe ruzuku akanunue bima kwa kampuni binafsi. Wenye 55 na kuendelea wasiguswe (mnaiona hiyo 55 tena?). Na sasa sikieni vizuri: bajeti ya Ryan ILIBAKIZA ule upunguzaji wa Obama waliokuwa wanaulaani. Wiki chache baadaye kundi moja la mrengo wa kushoto likatoa tangazo la mtu anayefanana na Ryan anasukuma kiti cha magurudumu chenye bibi mpaka ukingoni mwa genge, anamwaga. Mei mwaka huohuo ukafanyika uchaguzi mdogo magharibi mwa New York, jimbo la Republican siku zote. Kathy Hochul wa Democrat akauchukua akiimba Medicare kutwa nzima. Ndiye huyuhuyu aliyekuja kuwa gavana wa New York.

2012 Ryan yuleyule, akiwa mgombea mwenza wa Romney aliyegombea urais kwa Republican, anapanda jukwaani kumlaumu Obama kwa kuikata Medicare bilioni 716. Ni upunguzaji uleule uliokaa kwenye bajeti yake, umekadiriwa upya tu kwa miaka ya mbele. Sina la kuongeza hapo.

Na Obama naye? Bajeti yake ya 2013 ilipendekeza kubadilisha kipimo cha mfumuko wa bei ili nyongeza ya kila mwaka ya Social Security iwe ndogo kidogo. Alidhani Republican watakutana naye katikati. Hawakukutana naye, na watu wa chama chake mwenyewe wakamrukia mpaka mwaka uliofuata akaiondoa. Kabla ya hapo, 2010, kulikuwa na tume ya Simpson na Bowles ya kupunguza nakisi ya bajeti, wajumbe 18. Zilihitajika kura 14, zikapatikana 11. Ryan alikuwa mjumbe, akapiga kura ya hapana.

Kasuku wa Tanga

Yaani huyu Ryan yuko kila mahali kama chumvi.

Bi Mkubwa wa Mbeya

Mwanangu Mlinzi, swali la mtu asiyejua siasa. Kama wote wanajua hela zinaisha, siku zikiisha inakuwaje? Wazee hawalipwi kabisa?

Mlinzi wa Zamu

Shikamoo mama. Swali lako ndilo wanasiasa wao wanalolikwepa.

Hazikauki zote. Makato yanaendelea kuingia kila mwezi. Kinachokauka ni akiba iliyolimbikizwa. Kwa sheria ilivyo, akiba ikiisha mfuko unaruhusiwa kulipa kile tu kinachoingia. Ripoti ya wadhamini ya 2025 ilisema mfuko wa wazee utafika hapo 2033, na kuanzia siku hiyo utaweza kulipa asilimia 77 ya mafao. Maana yake mzee aliyekuwa anapata dola 2,000 anapata 1,540. Tajiri, fukara, mwenye miaka 66, mwenye miaka 93, wote siku moja. Hakuna atakayepiga kura, sheria itajikata yenyewe.

Hivyo mama, anayesema "mimi sitagusa Social Security" ameshachagua upunguzaji mkubwa kuliko wowote uliowahi kupendekezwa na Ryan au Bush. Hamna anayelisema jukwaani.

Nyundo Ndogo

HAPO NDIPO NILIKUWA NATAKA UFIKE. Asante.

Mlinzi wa Zamu

Usishangilie mapema, sijamaliza.

Democrat wanasema dawa ni kuinua kikomo. Mwaka 2025 makato ya Social Security yaliishia kwenye dola 176,100 za mshahara, ukipata zaidi ya hapo ziada haikatwi. Bilionea na daktari bingwa wanalingana. Biden aliahidi 2020 kuwakata tena wanaopata zaidi ya 400,000. Wakashika Baraza, Seneti na Ikulu 2021 na 2022. Mswada haukupigiwa kura hata siku moja. Seneti ingehitaji kura 60, hilo najua, ila hata Baraza ambako wingi tu ulitosha hawakuupeleka.

Halafu 5 Januari 2025, Biden akiwa anafunga mabegi, akasaini sheria ya kuongeza mafao kwa walimu, polisi na zimamoto wenye pensheni nyingine za serikali ambazo hazikukatwa Social Security. Gharama takribani dola bilioni 196 kwa miaka kumi. Seneti iliipitisha 76 kwa 20. Mfuko unakauka, vyama viwili vinashikana mikono kuutoboa zaidi! Wakitaka kuongeza, makubaliano yanapatikana usiku mmoja.

Njeri wa Lowell

Mlinzi, hi. Mimi ni Mkenya niko Massachusetts na pia niko kwa hii kazi ya kuangalia wazee, kama wengi wetu huku. Nangoja ufike kwa Medicaid juu huko ndiko moto uko. Watu hufikiria Medicaid ni ya watu wavivu. Hao wazee ninaoosha asubuhi wengi wako Medicaid.

Mlinzi wa Zamu

Dada Njeri umenitangulia. Sehemu ya nne basi, na hii ndiyo hoja yangu hasa.

Medicare hailipii mzee kukaa kwenye makao miaka na miaka. Inalipia siku chache baada ya hospitali. Kwa hiyo mzee wa tabaka la kati anaanza kulipa mwenyewe, maelfu ya dola kila mwezi, mpaka akiba inakwisha, anakuwa maskini rasmi, ndipo Medicaid inampokea. Takribani watu sita kati ya kumi walioko kwenye makao ya wazee Marekani wanalipiwa na Medicaid. Mwalimu mstaafu, mke wa mkulima wa mahindi wa Iowa, hao ndio.

Ila wao hawajioni huko. Kwanza majina. California inaitwa Medi-Cal, Tennessee TennCare, Wisconsin BadgerCare, kwa dada Njeri MassHealth. Mtu ana kadi ya BadgerCare mfukoni na anataka Medicaid ikatwe kwa sababu "watu wanadeka". Pili, kura. Mwaka 2020 asilimia 76 ya wenye miaka 65 hadi 74 walipiga kura. Wenye 18 hadi 24, asilimia 51. Ukiwa mbunge na lazima ukate kwa mtu, hesabu hiyo inafanyika bila kalamu.

Tazameni sasa yaliyopita na yaliyokwama. 1995 spika Gingrich wa Republican anajaribu kuibana Medicare, serikali inafungwa mara mbili, Clinton anapata umaarufu, jaribio linakufa. Mwaka uliofuata, Agosti 1996, ruzuku ya akina mama maskini inabadilishwa kabisa: ukomo wa miaka mitano maishani, lazima ufanye kazi, majimbo yanapewa fungu la dola bilioni 16.5 kwa mwaka ambalo halikupandishwa na mfumuko wa bei mpaka leo. Clinton akasaini mwenyewe, kwenye mwaka wa uchaguzi wake. 2005 na 2011, ya wazee, zote zinakufa. 2017 wanajaribu kuifuta sheria ya Obama pamoja na kuikata Medicaid, seneta McCain, Republican mwenzao, anashusha dole gumba saa za usiku wa manane, 51 kwa 49, inakufa kwa uzi mwembamba.

Halafu Februari 2023, hotuba ya Biden Kongresi. Seneta Rick Scott wa Florida alikuwa ameandika mpango kwamba kila sheria ya serikali kuu ife baada ya miaka mitano isipopitishwa upya. Biden akasema wapo Warepublican wanaotaka Social Security na Medicare zife hivyo. Wakamzomea, wakamwita mwongo, naye akawageuzia papo hapo: kumbe tumekubaliana haziguswi! Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi kwa ajili ya wazee. Siku kumi baadaye Scott akaandika upya mpango wake, akaziondoa. Medicaid je? Haikuwamo kwenye makubaliano yale.

Julai 2025 ndio mkaona matokeo. Trump, ambaye tangu 2015 aliahidi hatagusa Social Security, Medicare wala Medicaid, akasaini ile sheria yake kubwa siku ya uhuru wao. Seneti 50 kwa 50 (sheria za bajeti kama hii hazihitaji zile 60), Makamu wa Rais Vance akavunja sare. Baraza 218 kwa 214. Ofisi ya bajeti ya Kongresi ilikadiria watu milioni 10 zaidi watakuwa bila bima kufikia 2034, wengi wao kupitia Medicaid. Wazee ndani ya sheria hiyohiyo wamepewa nini? Punguzo jipya la kodi, hadi dola 6,000 za kipato chao zisihesabiwe. Kwa sababu ya nafuu kama hizo, mtakwimu mkuu wa Social Security akaandika Agosti kwamba siku ya mfuko kukauka imesogea kutoka mwanzo wa 2033 hadi mwisho wa 2032.

Ndani ya sheria moja, wazee wamepewa na maskini wamekatwa, huku mfuko wa hao wazee ukipungukiwa.

Nyundo Ndogo

Unaruka kitu. Kilichowekwa ni sharti la kazi, saa 80 kwa mwezi, kwa mtu mzima wa miaka 19 hadi 64 mwenye afya zake. Mwenye ulemavu hayumo, mzazi wa mtoto mdogo hayumo. Nyumbani ukiwa na kijana mzima amelala sebuleni mpaka saa sita mchana unamlisha bure? Na serikali kuu inalipa asilimia 90 ya gharama za hao walioongezwa na sheria ya Obama, zaidi ya inavyolipa kwa mlemavu. Hilo ni sawa?

Mlinzi wa Zamu

La asilimia 90 ni hoja nzuri na ningependa Democrat mmoja aijibu bila kukasirika.

La sharti la kazi, tayari lilijaribiwa. Arkansas, Juni 2018. Karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Medicaid wasio na ulemavu wanafanya kazi tayari, kwa hiyo tatizo lilikuwa kuithibitisha kila mwezi. Mwanzoni ilikuwa mtandaoni tu, na tovuti ilikuwa inafungwa saa tatu usiku mpaka saa moja asubuhi. Tovuti inafungwa! Muuza duka anayetoka zamu saa nne usiku ataripoti lini? Ndani ya miezi michache watu zaidi ya 18,000 walipoteza bima. Watafiti wa Harvard walipopima, ajira haikuongezeka. Machi 2019 jaji akasimamisha. Sasa majimbo yote yaliyopanua Medicaid kwa ajili ya hao walioongezwa yanatakiwa kuanza sharti hilo kufikia 1 Januari 2027. Uchaguzi wa Kongresi uko Novemba 2026. Tarehe haikuangukia hapo kwa bahati mbaya.

Na wenyewe wanajua. Seneta Josh Hawley wa Missouri, Republican, aliandika New York Times Mei 2025 kwamba kuikata Medicaid ni makosa kimaadili na ni kujiua kisiasa. Julai akapiga kura ya ndiyo. Wiki mbili baadaye akaleta mswada wa kurudisha sehemu ya alichokata. Thom Tillis wa North Carolina alikataa, na siku hizohizo akatangaza hagombei tena.

Njeri wa Lowell

Na hospitali za mashambani wakawekewa hazina ya bilioni 50 kwa miaka mitano ndio wanyamaze. Huku kwetu wasimamizi wameanza kuhesabu masaa. Mtu wa zamu ya usiku alikuwa na wagonjwa kumi na wawili sasa anaambiwa ajaribu kumi na tano. Hakuna mtu amefutwa bado lakini sote tunaona.

Mtoto wa Fizi

Jambo bandugu. Miye ni mutu wa Congo, nilitoka kambi ya Nyarugusu, niko Kentucky. Naomba niseme kidogo kwa sababu munaongea ya wazee na maskini lakini sisi wakimbizi hamujatutaja.

Ile sheria ya Julai ilitutoa ku stempu za chakula. Zamani mukimbizi akifika anapata siku ileile. Sasa mpaka uwe na green card, na green card unaomba kisha mwaka moja, tena inakawia. Jirani zetu walifika mwisho wa 2024 na watoto sita. Barua ikakuja kwamba chakula imekwisha. Kanisa ndiyo inawasaidia. Na Medicaid nayo tunatolewa kuanzia Oktoba 2026. Hatupige kura, basi nani atatusemea?

Mlinzi wa Zamu

Kaka, pole sana na asante. Hilo ndilo nililokuwa nalizunguka sehemu nne nzima. Ndani ya Medicaid kwenyewe walipangwa kwa foleni: mzee wa kwenye makao hakuguswa moja kwa moja, kijana anayefanya kazi akawekewa makaratasi, na ambaye hana kura kabisa akatolewa.

Waambie majirani wafuatilie green card mapema bila kusubiri ukumbusho, na kama kuna shirika lililowapokea liwasaidie kujaza. Ikitoka wapeleke nakala siku hiyohiyo.

Chuma Chakavu

Na ile serikali kufungwa mwaka 2025 ilikuwa ugomvi huuhuu?

Mlinzi wa Zamu

Ndugu yake. Siku 43, 1 Oktoba hadi 12 Novemba, ndefu kuliko zote zilizotangulia. Safari hii Democrat ndio waliogoma kupitisha bajeti, wakidai nyongeza ya ruzuku za bima za soko la Obama (bima wanazojinunulia watu wenyewe) iongezewe muda. Stempu za chakula zikayumba Novemba watu wakipanga foleni kwenye misaada. Mwisho maseneta wachache wa Democrat wakalegea kwa ahadi ya kupigiwa kura, na nyongeza hiyo ikaisha 31 Desemba. Yaani walikuwa tayari kufunga serikali kwa ajili ya ruzuku. Kwa ajili ya kuurekebisha mfuko unaokauka, hakuna upande uliowahi kufunga hata ofisi moja.

Nyundo Ndogo

Mkuu tunatofautiana kwenye Medicaid ila kwenye 2032 tuko pamoja. Unadhani watafanya nini?

Mlinzi wa Zamu

Nadhani watangoja mpaka miezi ya mwisho, kama 1983. Halafu watainua kikomo cha makato, watasogeza umri kwa waliozaliwa labda baada ya 1980, na sehemu kubwa wataikopa. Seneta anayechaguliwa Novemba 2026 anakaa mpaka Januari 2033, kwa hiyo kikombe hiki kinamkuta akiwa ofisini. Muulizeni hilo kwenye kampeni muone atakavyobadilisha mada.

Bi Mkubwa wa Mbeya

Marahaba mwanangu, nimekuelewa. La mwisho. Mdogo wangu yuko huko Texas miaka 22, ni raia, anataka arudi nyumbani akistaafu. Hiyo hela itamfuata Mbeya?

Mlinzi wa Zamu

Mama, ukishafikisha pointi 40 za makato, kama miaka kumi ya kazi, unastahili. Raia analipwa hata akiwa Mbeya. Ila Medicare haivuki bahari. Akiugua Mbeya hailipi hata panadoli.

Bi Mkubwa wa Mbeya

Basi nitamwambia akate bima ya huku kabla hajapanda ndege. Na hizo asilimia 77 nazo nimwambie?

Mlinzi wa Zamu

Mwambie mama. Yeye ana umri gani?

Bi Mkubwa wa Mbeya

58.

Mlinzi wa Zamu

Basi 67 yake ni baada ya 2032. Apige hesabu ya nyumba ya Mbeya kwa hizo 77, zikirudi kuwa 100 ajenge na uzio.